Kabla hujashuka Sinza kwa Remmy

Tangu nirudi kutoka Uingereza, kila mlango ninaobisha nakutana na swali lile lile: "Shangazi, umetuletea nini?" Simu sikuleta. Viatu nilileta, viligawiwa vikaisha siku ileile. Kwa waliobaki mikono mitupu, na kwa wewe unayesoma hapa bila hata kunijua, zawadi yangu ni albamu ya mwaka 1989. Imepigwa na bendi ya hapa hapa Dar es Salaam, ikarekodiwa Uingereza, na nimegundua kwamba hapa nyumbani wanaoijua ni wachache mno, japo mwimbaji wake ana kituo cha daladala. Naizungumzia Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila.

Najua utakachosema. Remmy tunamjua! Sawa, jina mnalijua. Mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa mimi nimeshaondoka, kila siku akitoka chuo anashuka kwa Remmy. Nilipomuuliza huyo Remmy alikuwa nani, akanijibu bila kusita kwamba alikuwa na baa. Simlaumu. Konda akiita "Kwa Remmy wapo?" anatafuta wa kushuka, hana muda wa kuimbia watu wimbo.

Wakubwa nao wanamjua kwa vipandevipande. Huyu anakumbuka rasta zake, yule anakumbuka "Kifo" ulivyokuwa ukipigwa redioni, mwingine anacheka tu ukimtajia "Mambo kwa Soksi", ule wimbo wa kondomu na UKIMWI ambao Redio Tanzania iligoma kuupiga. Nyimbo zake ukizisikia sasa ni kwenye vipindi vya zilipendwa, ambako mtangazaji anauachia wimbo ukimbie kidogo, anaingiza salamu, kisha anaukata kabla haujachemka. Kwa mwanamuziki mwingine hilo si neno. Kwa Remmy ni sawa na kutosikia kitu, maana yeye alikuwa mtu wa kuchukua muda wake.

Ipo sababu ya sisi kumpata kwa vipande. Enzi zile bendi ilikuwa inaingia studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, inarekodi, na mkanda unabaki palepale redioni. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, na redio ya taifa ilibaki peke yake Bara mpaka miaka ya 1990. Muziki ukatufikia wimbo mmoja mmoja. Mwenye redio kaseti alikaa chonjo, wimbo ukianza anabonyeza kitufe anaunasa, mara nyingi pamoja na sauti ya mtangazaji. Kanda hiyo ndiyo iliyozunguka mtaani mpaka ikachakaa. Albamu nzima iliyopangwa kusikilizwa kwa mkao mmoja haikuwa kawaida yetu kwenye dansi, kwa hiyo hata Remmy alipoipata nje, huku hatukuwa na mazoea ya kuiulizia.

Na aliipata kupitia mikanda hiyohiyo ya redio. Rekodi zao zilifika Uingereza, na mwaka 1988 watu wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia la huko, wakazitoa kwenye santuri iitwayo Nalilia Mwana, bendi ikaalikwa kupiga kwenye tamasha lao. Mwaka uliofuata mwanamuziki wa Kiingereza Peter Gabriel na wenzake wakaanzisha lebo ya Real World, na Songs for the Poor Man ikawa miongoni mwa albamu zake za mwanzo kabisa. Jina ni la Kizungu, lakini ndani ni Kiswahili cha Dar, na mtu anayesemewa humo ni mnyonge, yuleyule Remmy aliyemsemea maisha yake yote.

Mimi niliisikia kwa mara ya kwanza Birmingham, kwenye gari la mzee mmoja tuliyekuwa tukifanya naye shifti za usiku kwenye ghala. Alikuwa Mwingereza, hajawahi kukanyaga Afrika, na CD yake ilikuwa imechunika mpaka wimbo mmoja ulikuwa unakwama. Akaniuliza kama hao ni watu wa kwetu. Nikamwambia si wa kwetu tu, ni wa mtaani kwetu. Nadhani aliona natia chumvi. Kesho yake akaniletea niende nayo nyumbani, na tangu hapo nimeishi nayo: nikipika, nikipiga pasi, nikisubiri basi kwenye baridi. Remmy alipofariki, Desemba 2010, nilikuwa huko huko. Habari ilinikuta kazini, na siku ile niliporudi chumbani sikusikiliza kingine.

Sasa tuingie kwenye muziki wenyewe, maana mpaka hapa nimekupigia stori tu.

Anza na "Kipenda Roho". Methali yenyewe unaijua, kipenda roho hula nyama mbichi, na Remmy ameichukua kama ilivyo. Ukiusikiliza, usimfuate yeye kwanza. Fuata magitaa. Moja linaanza na kamstari kafupi, linakarudia, la pili linaingia kwenye nafasi iliyoachwa na la kwanza, na baada ya muda huwezi tena kusema lipi ni lipi. Yamesukwa kama ukili. Besi iko chini, haina haraka, lakini itoe uone kama wimbo utasimama. Nimeusikiliza wimbo huu miaka mingi na bado nakuta kijigitaa ambacho sikuwa nimekisikia. Mwongozaji filamu wa Marekani Oliver Stone naye aliupenda, akauweka kwenye filamu yake ya mwaka 1994, kwa hiyo kuna Wamarekani waliousikia wimbo wa Sinza kwenye sinema kabla ya vijana wa Sinza wenyewe.

Ukishayazoea magitaa, rudi kwa Remmy. Sauti yake si ya kubembeleza. Ni nzito, ina mikwaruzo, na nusu ya muda anaongea kuliko anavyoimba. Waliomzoea mwimbaji Hassani Bitchuka na sauti zile laini za dansi wanaweza kushtuka kidogo. Remmy anakusimulia, anakuuliza swali, anakuacha nalo, magitaa yanajibu, kisha anarudi na swali lingine. Msikilize kwenye "Sauti ya Mnyonge" na kwenye "Nasikitika". Jina la "Nasikitika" peke yake lingekutayarisha kwa kilio, na huzuni kweli imo, ila miguu yako itakuwa inacheza huku moyo umeinama. Ufundi huo watu wa dansi walikuwa nao wengi, ila wa Remmy una uchungu wa mtu aliyebaki yatima mapema, akajilea kwa gitaa.

"Muziki Asili Yake Wapi" ni ya kuchezea, iweke sauti juu. "Karola" ni tamu kirahisi, ya kumwekea mtu asiyejua chochote kuhusu dansi. "Mariam Wangu" usiiharakishe, isubiri usiku. Sitazieleza zote, nyingine zikute mwenyewe.

Jambo moja limekuwa likinisumbua tangu nirudi. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, baadaye akahamia Matimila. Alikuja mgeni, na Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, akaishia kuitwa Dokta na mtaa ukachukua jina lake. Mimi mzaliwa wa Sinza nimerudi, na juzi nilikuwa nauliza njia ya kwenda Mwenge kama mtalii. Ubungo kuna barabara za juu, stendi ya mikoani imehamia Mbezi Luis, mwendokasi unapita kwenye njia yake, na nyumba za chini nilizozijua zimekuwa maghorofa yenye fremu za maduka mbele. Watu wananiita mgeni, kwa upendo, lakini wananiita. Ukiwa kwenye hali hiyo, albamu ya mtu aliyehamia mjini na kuusema mji kuliko wenyeji wake inakuingia kwa namna nyingine.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nikaunganisha simu kwenye sabufa ya kaka. Alikuwepo baba mdogo, ambaye ujanani hakuikosa Matimila wikiendi hata moja, kwa maelezo yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa karibu na spika. Kijana wetu wa chuo naye alikuwepo, sikio moja kwetu, jingine kwenye earphone zake.

Wimbo ulipoanza, kijana akauliza, "Shangazi, mbona intro ndefu hivi? Peleka mbele."

"Usiguse!" Baba mdogo alimjibu kabla yangu. "Hapo watu ndiyo wanatafuta wa kucheza nao. Wewe ukipeleka mbele utacheza na nani?"

Tukacheka, tukanyamaza, tukasikiliza. Wimbo wa pili baba mdogo akaanza kutikisa kichwa, nikajua ana neno. "Hii imepigwa Ulaya," akasema. "Imesafishwa mno. Jasho halipo. Ile ya redio ndiyo yenyewe."

Nampa nusu ya hoja yake. Rekodi za Redio Tanzania zina kitu ambacho studio ya Uingereza haikukipata: bendi imesongamana kwenye chumba, kila mtu anapiga kana kwamba atashushwa jukwaani akilegea. Kwenye albamu hii kila chombo kimepewa nafasi yake na kuna mahali naona wamejiheshimu kupita kiasi. Lakini kwenye kanda zetu za kunasa redioni besi ilikuwa inasikika kwa kubahatisha, na maneno ya Remmy yalikuwa yanamezwa na mikwaruzo. Hapa maneno yote unayapata. Kwa mtu kama Remmy, ambaye maneno ndiyo kazi yake, naona bora kupoteza jasho kidogo kuliko kupoteza neno. Baba mdogo hakukubali. Alikubali tu kwamba besi ya "Muziki Asili Yake Wapi" hajawahi kuisikia vile, na akaomba irudiwe.

Yule kijana jioni nilimkuta chumbani amekata kipande cha gitaa la "Kipenda Roho", anakizungusha kwenye kompyuta na kukiwekea midundo ya singeli. Kilikuwa kinakimbia kwa kasi ya ajabu, na lazima niseme kilikaa vizuri. Baba mdogo aliposikia akasema huo ni wizi, akakaa nusu saa akimwelekeza kijana ni wapi gitaa la pili linatakiwa kuingia.

Ukitaka kuitafuta, ipo kwenye programu za kusikilizia muziki. Andika jina la albamu, usiandike jina la Remmy tu. Ukiandika jina lake peke yake utaletewa mchanganyiko wa rekodi za redio, za jukwaani, na za injili alizoimba miaka yake ya mwisho baada ya kuokoka, na utadhani umeshaisikia. Isikilize mara ya kwanza bila kuruka na bila kuchanganya mpangilio. Kama bando linakubana, pakua ukiwa na waifai. Na usiisikilizie kwenye spika ya simu, tafadhali. Spika ya simu haina besi, na bila besi nitakuwa nimekusumbua bure.

Ikikukaa, nenda Nalilia Mwana ya mwaka 1988, hiyo ndiyo ya upande wa baba mdogo, yenye jasho. Kisha kama bado una hamu, ipo Mambo ya mwaka 1992, pia ya Real World. Ina nyimbo za Kiingereza ndani yake, na kwa maoni yangu Remmy kwa Kiingereza ni nusu ya Remmy, lakini magitaa ni yale yale.

Mimi kwa sasa natafuta kanda. Mwenye kanda yoyote ya Matimila iliyonaswa redioni, hata kama ina sauti ya mtangazaji, hata kama imekatika ikaungwa kwa gundi, anitafute. Redio kaseti ya marehemu baba bado inafanya kazi, kijana wa chuo anajua namna ya kuihamishia kwenye kompyuta, na baba mdogo ameshajiandikisha kuwa msimamizi.