Usiku Tulipopiga Pampu

Juzi binti yangu alikuwa anasoma habari za mapafu kwa ajili ya mtihani wake, akainua macho akaniuliza: "Baba, lile gari letu la dizeli, moshi wake tuliuvuta kiasi gani?" Kabla sijafungua mdomo, nilisikia harufu ya dizeli kwenye vidole vyangu, ile ile ya usiku ule.

Mercedes 240D ya 1983, ile ya rangi ya maziwa. Nguvu za farasi 72, basi. Kupanda mlima nalo kulitaka subira. Nililichukua kwa sababu lile la petroli lilikuwa linakunywa lita 13 kila kilomita 100, na safari zangu ni za kila siku. Hili lilitosheka na 8, au 9 kwenye foleni. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, na injini ile haibaniwi hewa inapoingia. Kinachopimwa ni mafuta tu. Nilimweleza mama yake yote hayo. Yeye alitaka kujua kama litatufikisha.

Na lilitufikisha, miezi na miezi. Asubuhi nageuza ufunguo, nasubiri taa ya hita plagi, zile zinazopasha injini moto kabla ya kuwaka, izime, ndipo napiga starta. Nililipenda gari lile. Lilivyokuwa halijazi mafuta mara kwa mara, nikaanza kuishi kana kwamba halijazi kabisa.

Binti alikuwa na miaka 7. Tunarudi kutoka kwa shangazi yake, taa ya akiba imewaka tangu mchana nami nimeipuuza, gari likakohoa mara mbili, likazimika. Nikalisogeza pembeni. Dumu lilikuwepo kwenye buti, nikamimina lita 5, nikapiga starta. Inazunguka, injini haishiki.

Limevuta upepo. Dizeli ikishavuta upepo, kuongeza mafuta peke yake hakusaidii, maana hewa iliyo kwenye mipira na pampu hujibana tu, na nozeli, zile zinazonyunyizia mafuta kwenye silinda, hazipati msukumo wa kufunguka. Lazima upepo utolewe. Nikafungua boneti, nikampa mwanangu tochi.

Kuna kipampu kidogo cha mkono pale ubavuni mwa pampu ya nozeli. Unafungua kichwa chake, unakipandisha na kukishusha kwa vidole viwili. Dizeli ikaanza kunitiririkia hadi kwenye kiwiko. Mwanangu akawa anahesabu kwa sauti. Alipofika 100 akarudi kwenye 1, kwa sababu shuleni walikuwa wamefikia hapo. Tochi ikawa inacheza kila akitaja namba. Mikono iliniuma, nikabadilisha, nikaendelea. Mara vali ikaanza kuvuma ndani, kama nyuki kwenye chupa: upepo umetoka.

"Baba, linaongea!"

Nikafunga kile kichwa, nikaingia, nikapiga starta. Silinda moja ikashika, ya pili, gari zima likatikisika, kisha zote nne. Wingu likatoka nyuma, zito, jeupe kwenye mwanga wa tochi. Naye akakimbilia huko huko, akaruka ndani yake akipiga makofi. Nilimwona kwenye kioo. Nilimwacha aruke. Nilikuwa na furaha mno kiasi cha kutomwita.

Miaka miwili baadaye, 2012, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gari letu halikuwa na chujio lolote la moshi. Nikaliuza mwaka ule ule, na hadi leo nikisikia injini kama ile barabarani nageuka.

Basi juzi nikamjibu: "Kidogo." Halafu nikaona nimemdanganya. "Isipokuwa usiku mmoja. Ule ulikuwa mwingi, na mimi nilikuwa nakuangalia."

Akanyamaza, kalamu mkononi.

"Ule wa kuhesabu?"

"Huo huo. Sikumbuki tulifika ngapi."

"Mia tatu na kumi na mbili," akasema, akarudi kwenye kitabu chake.