Pima E85 yako kabla ya kuingia uwanjani

Wengi wanaoniandikia kuhusu Subaru yangu huuliza jambo moja: je, E85, yaani mafuta ya ethanoli (alkoholi) iliyochanganywa na petroli, inaongeza nguvu kweli, au ni maneno ya wapenzi wa turbo tu? Inaongeza. Na kwa sisi tunaoshindana kwa kutoa pesa mfukoni, sijaona mafuta mengine ya kiwango hicho yanayouzwa kwa bei ya pampu ya kawaida. Ninachosisitiza ni kwamba uyapime kabla hujayatia kwenye tangi, kila mara.

Naishi Minnesota, jimbo la mahindi, ambako E85 hupatikana hata kwenye vimji vidogo. Majira ya joto nashiriki mbio za kukwepa koni kwenye maegesho makubwa, na nikipata nafasi naenda kwenye uwanja wa mbio wa Brainerd. Sehemu iliyonyooka ya uwanja ule inakaribia maili nzima. Ukikanyaga mafuta pale hadi mwisho, turbo inasukuma hewa ndani ya injini bila kupumzika na joto ndani ya silinda linapanda vibaya. Hapo petroli huanza kugonga: sehemu yake inajilipukia yenyewe bila kungoja moto wa plagi uifikie. Kompyuta ya gari ikigundua, inachelewesha cheche na gari linapoteza nguvu. Isipogundua mapema, unaweza kuvunja pistoni.

Ethanoli inahimili kugonga vizuri zaidi. Okteni yake, yaani kipimo cha kuhimili kugonga, iko karibu 108 kwa kipimo kiitwacho RON, na inapogeuka mvuke hufyonza joto zaidi ya mara mbili ya lile linalofyonzwa na petroli ya uzito uleule. Kwa hiyo hewa inayoingia inapoa, na fundi anapata nafasi ya kuwahisha cheche na kuongeza presha ya turbo. Nguvu inatoka hapo. Kwa wingi wa nishati ndani ya galoni, ethanoli iko chini ya petroli kwa karibu theluthi moja.

Ndiyo maana gari linakunywa sana. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ethanoli huhitaji 9 tu, kwa hiyo kwa hewa ileile unamwaga mafuta mengi zaidi. Injekta na pampu ya zamani hazitatosha. Badilisha pia mipira ya mafuta iliyozeeka, na uwe na filta ya akiba, kwani ethanoli hung'oa uchafu uliolala tangini miaka mingi.

Sasa kipimo. Jina E85 linamfanya mtu aamini kuna asilimia 85 ya ethanoli. Marekani mafuta yanayouzwa kwa jina hilo yanaruhusiwa kuwa na asilimia 51 hadi 83, kutegemea mahali na msimu. Ethanoli haitoi mvuke kirahisi kwenye baridi, na baridi ya Minnesota si mchezo, kwa hiyo majira ya baridi huongezwa petroli ili magari yawake asubuhi. Msimu wa mbio unapofunguliwa, tangi la kituo linaweza bado kuwa na mchanganyiko wa baridi. Kama kompyuta ya gari lako imepangiwa asilimia 80 na umetia 55, cheche inawahi kupita uwezo wa mafuta uliyonayo, na kugonga kunarudi palepale kwenye ule mnyoofu.

Natumia chupa nyembamba yenye mistari hadi mililita 100. Natia maji mpaka 50, kisha mafuta mpaka 100, nafunga, natikisa vizuri na kuiacha mahali palipo sawa kwa dakika kadhaa. Ethanoli inaiacha petroli na kushikana na maji, petroli inaelea juu, na mpaka kati yao unaonekana wazi. Mpaka huo ukisimama kwenye 90, maji yamepokea mililita 40 kati ya 50 za mafuta: asilimia 80. Mei hii dumu moja lilisoma 82, yaani asilimia 64 tu. Niliandika namba hiyo kwenye dumu kwa kalamu nene na kuliweka kando. Gari langu lina sensa ya ethanoli kwenye bomba la mafuta, na kompyuta hujirekebisha kwa kuisoma, lakini waya unaweza kukatika. Chupa haina waya.

Kwa ndugu zangu wa Kenya mnaotaka kununua spiriti (ethanoli) ya viwanda vya sukari na kuchanganya wenyewe: kuchanganya si jambo geni kwetu. Miaka ya 1980 petroli yetu ilitiwa ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni. Lakini ethanoli ile ilikuwa imekaushwa. Kukeneka kwa kawaida hufika karibu asilimia 96 na kukwama. Kinachobaki ni maji. Ukitia kiasi kidogo cha spiriti hiyo kwenye petroli, maji yanaweza kujitenga na kushuka chini ya tangi, na pampu inavuta kutoka hukohuko chini. Ulizeni kama imekaushwa kupita asilimia 99 kabla ya kulipa. Na kama fundi wako hana kifaa cha kusoma uwiano wa hewa na mafuta kwenye ekzosi, gari libaki kwenye petroli mpaka akipate.