Nililigeuzia jukwaa mgongo, ndipo nikapata vidio

Nianze na aibu yangu niimalize. Mara ya kwanza kamati iliponipa kazi ya kurekodi usiku wa utamaduni pale chuoni, ipatikane vidio ya kutangaza wa mwakani, nilitega simu juu ya stendi nyuma kabisa ya ukumbi, nikabonyeza, nikakaa nimekunja nne kama mzee wa baraza. Masaa mawili na ushei bila kukata. Kesho yake nafungua: wachezaji wanaonekana kama njiti za kiberiti, nyuso zimeungua kwa mwanga hadi zimekuwa nyeupe kama sembe, na mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye picha. Sauti ndiyo usiseme. Ngoma inalia kwa mbali kama redio ya jirani, lakini dada aliyekaa karibu na simu yangu anasikika neno kwa neno: "Nipo njiani baby, nipo Ubungo hapa, foleni siyo ya kawaida." Yupo ukumbini, anatafuna karanga! Ile vidio ingefaa kama ushahidi kwenye kesi ya mapenzi. Kwa matangazo, hapana.

Mwaka uliofuata nikaiomba tena kazi hiyo mwenyewe, kwa hasira. Ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja akasema bila kamera kubwa ya kukodi nisijisumbue. Bei alizonitajia zilikuwa laki na kitu kwa usiku mmoja, na kamati ilikuwa imenipa msimbazi mbili, yaani elfu ishirini, na ahadi ya chakula. Mwingine, huyu sitamsahau, akasema vidio bila droni ni ya kipaimara. Ndugu yangu, ukumbi una mapangaboi sita yanazunguka! Na hata nje droni hairushwi tu kama kishada, kuna vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nikawaitikia wote "sawa kaka", nikabaki na simu yangu.

Ile mistari, kwa mfano, hakuna aliyenieleza, kila mtu aliniambia "badili simu". Kumbe shida ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Nilipakua programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mambo mwenyewe, nikaweka fremu (picha) 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50 ya sekunde, yaani kila picha inakula mipepeso miwili kamili ya taa, nikashusha mwanga hadi nyuso zikarudi kuwa za watu. Mistari ikaisha. Bure kabisa. Memori kadi ndiyo ilinigharimu, tena mara mbili, maana ile ya kwanza niliyookota Kariakoo kwa bei ya kutupa iliandikwa GB 128 na pumzi ikakata kwenye 16. Ijaze nyumbani kwanza, usiyaamini maandishi.

Sauti nayo ilikuwa vita. Nilitaka kuchukua moja kwa moja kwenye mixa, ile mashine inayopokea maiki zote. Fundi akanitazama juu hadi chini: "Dogo, mixa haiguswi." Nikaenda kwa mama wa chipsi nje ya geti, nikarudi na chipsi mayai na soda ya baridi, nikaziweka mezani kwake bila kusema neno. Baada ya dakika kumi akaniita mwenyewe: "Leta huo waya wako." Tukajaribu, sauti ikapasuka, akapunguza, ikakaa. Lakini sauti ya mixa peke yake ni kavu, unasikia maiki tu, ukumbi haumo, utadhani MC anaongea na kaburi. Kwa hiyo simu ya mshkaji wangu wa chumba niliivisha soksi (safi, aliniuliza) nikaifunga kwenye nguzo katikati ya watu, ipokee vigelegele. Kabla ya shughuli nikapiga kofi moja zito mbele ya maiki, ili wakati wa kuediti nizilinganishe sauti zote kwa lile kofi.

Sasa nije kwenye chenyewe. Mdundiko, ngoma ya Kizaramo, ulipoingia, nilikuwa mbele kabisa nikipiga jukwaa kama kila mtu mwenye simu. Nikageuka kufuta jasho. Nikaona ukumbi. Mdundiko mtaani kazi yake ni kuzoa watu, mtu anatoka na ndala anaufuata hajui unaishia wapi, na pale ukumbini ulikuwa unafanya hivyohivyo: safu ya tatu imeshasimama, mlinzi ameacha mlango, kuna mdada kavua viatu kavishika mkononi. Nikajisemea, mtu wa kununua tiketi mwakani haji kuona jukwaa, anakuja kuwa huyu mdada. Kuanzia hapo nikalipa jukwaa kisogo, nikawa napiga watu.

Tatizo, kwenye nyuso za watu kulikuwa na giza. Nikamwomba MC taa za ukumbi ziwashwe sekunde ishirini, watu washangilie tena kwa ajili ya kamera. Akawatangazia hivyohivyo. Ikawa vituko: wote wakanigeukia, vidole viwili hewani, ndimi nje, mwingine anapunga "mama nipo huku!" Takataka tupu. Nikamfuata MC tena, nikamnong'oneza. Akashika maiki, akakohoa, akasema kwa sauti ya msiba: "Kwa heshima na taadhima, mshauri wa wanafunzi anapanda jukwaani kucheza sindimba." Taa zikawaka. Ukumbi mzima ulipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena, watu wamepanda juu ya viti, hakuna hata mmoja anayeikumbuka kamera. Mimi nimechutama pembeni narekodi, mikono inatetemeka. Mzee wa watu hakuwa na habari, alikuwa anakunywa maji. Wakambeba. Na alicheza, tena kiuno anacho! Ndiyo picha ya kufungulia vidio, sekunde nne.

Kuediti nilifanya kwenye simu, usiku mmoja na bando la wiki. Nililaza singeli, ule muziki wa mbio, chini, nikawa nakata picha kila pigo. Nikamwonyesha mama mdogo, Temeke. Akaangalia mpaka mwisho, akauliza: "Mwanangu, hiki kitu kinawahi wapi?" Nikafuta, nikaweka mdundiko wetu wenyewe tuliorekodi, tena hapo si rahisi mtandao kukuzimia sauti kwa haki za wimbo. Kamati nao wakataka nembo tano mwanzoni na hotuba ya mwenyekiti. Tuligombana kidogo. Nembo zikaenda mwishoni pamoja na tarehe na kiingilio, mwenyekiti akapata sekunde tatu akicheka, na alipendeza kuliko angehutubia. Maneno muhimu niliyaandika juu ya picha, kwa kuwa watu wengi wanaangalia kwenye basi la mwendokasi wamezima sauti. Jumla sekunde 47. Kwenye makundi ya WhatsApp niliituma kama dokumenti, isibanwe ubora. Aliyeituma kama vidio ya kawaida alisambaza ukungu.

Jumatatu asubuhi kijana mmoja akanigongea mlango, amepauka. "Bro, nitoe. Sekunde ya kumi na tisa." Kumbe baba mkubwa wake, anayekaa naye Mbagala, alikuwa ameambiwa usiku ule kuna majadiliano ya kikundi maktaba. Na kwenye ile klipu yuko juu ya kiti, shati linazungushwa hewani. Ilikuwa picha nzuri, iliniuma, ila nilimtoa palepale mbele yake, nikasambaza upya. Jioni akanitumia ujumbe: toleo la kwanza limeshafika kwenye kundi la ukoo, na baba mkubwa ameweka alama ya kuuliza tatu. Wiki ile alilala chumbani kwetu, kwenye godoro la mshkaji wangu.