Vichwa vya Dizeli vya Njia ya Tanga

Reli ya nchi yetu ilianza hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, kisha Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Ni reli ya upana wa mita 1, yenye njia moja tu, na vichwa vya dizeli vilivyopokea kazi ya mvuke vimeitumikia mpaka vimechakaa.

Watu wengi husema vichwa hivyo vimezeeka, basi yamekwisha. Mimi sikubaliani nao. Katika kichwa cha dizeli cha kawaida, injini haizungushi magurudumu yenyewe. Huzungusha jenereta, na umeme wa jenereta ndio unaoendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa hiyo fremu ikiwa nzima, injini iliyochoka huweza kutolewa ikawekwa nyingine, na kichwa kikapata umri wa pili. Kinachokimaliza ni vipuri kukosekana. Vichwa vya aina ya 88, vilivyonunuliwa wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, viliundwa Montreal, Kanada, katika kiwanda ambacho kilikwisha kufungwa, na fundi akikosa kifaa hulazimika kukichukua kwenye kichwa kingine kilichosimama. Ndiyo maana naona ni heri shirika liwe na vichwa vichache vya aina moja kuliko vingi vya aina mbalimbali, kwani vipuri vya kimoja hufaa kingine. Na njia ikiwa moja tu, kichwa kimoja kikifia njiani, treni zote za upande huo husimama.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 reli ikabaki na uchakavu wake, na katika miaka ya 1990 treni za abiria za huku zikakoma. Desemba 2019 abiria walianza tena kusafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na Oktoba 2020 hadi Arusha. Nilifurahi sana. Hata hivyo treni hiyo hupita kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilichojengwa mwaka 1963, kisha huelekea Korogwe, hivyo mji wa Tanga, ulikoanzia reli, huachwa pembeni.

Treni za umeme zilizoanza mwaka 2024 kwenye reli ya kisasa ni jambo jema, nami naziombea zifike mbali. Lakini zitachukua muda kutufikia, na machungwa ya Muheza hayasubiri. Ningeomba kichwa kimoja kilichofanyiwa matengenezo kamili na mabehewa machache, kiondoke Korogwe alfajiri, kisimame Mnyusi, Muheza, Ngomeni na Pongwe, kiingie Tanga kabla soko halijachangamka, na kirudi jioni na wafanyabiashara pamoja na wanafunzi.