Kaseti ya bibi

Leo nikisafisha kabati nimeikuta kaseti ya bibi, lebo imefutika kabisa. Nilijua tu kilichomo: Wasiya wa Mabanati, yaani wasia kwa mabinti, wa mshairi Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu.

Ustadh alizaliwa mwaka 1952, na wasia huu aliutunga 1974. Hebu piga hesabu, kijana wa miaka ishirini na ushei, anawausia mabinti za watu wasihadaike! Utotoni nilidhani sauti ya kwenye kaseti ni yake. Kumbe yeye hutunga, akawaachia waghani wenye koo zao.

Basi nilipokuja kumsikia mwenyewe akizungumza nilishangaa. Nilitarajia ukali. Nikakuta mzee mpole, Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, kimetulia, imamu ambaye miaka mingi alikula jasho la kuoka mikate. (Mikate na mashairi, vyote vyataka kukandwa, au vipi?)

Ninachompendea ni kwamba kwake utenzi nao ni darasa. Malezi, ndoa, siasa za kisiwani, mengi huyapitisha kwenye mizani nane, silabi nane kila mshororo. Vina vya mishororo mitatu hubadilika kila ubeti, cha nne hakiondoki mpaka tamati, ndiyo maana yanaganda kichwani. Bibi hakuingia darasani hata siku moja, lakini alikuwa akikuna nazi na beti zinamtoka moja baada ya nyingine, na akifika pale panaponihusu ananitazama kwa pembe ya jicho.

Nani bado ana redio ya kaseti inayofanya kazi? Kaseti nitakuja nayo kesho.