Mchanga kwenye friji

Shemeji yangu anaishi Iowa huko Marekani, mwaka juzi alivyokuja likizo akaniletea kabahasha ka mbegu za ekinasia, maua ya asili ya mbuga zao za nyasi. Mi nikazimwaga kwenye tuta hapa Goba kama mchicha, nikamwagilia asubuhi na jioni wiki tatu nzima, wapi, hata moja haijatoka.

Nampigia simu anacheka tu. Kumbe hizi mbegu zinataka zipigwe baridi kwanza ndo ziamke, kwao zinalala ardhini kipindi chote cha theluji. Sasa theluji Dar utaitoa wapi, mji ambao hata Julai feni inazunguka. Akasema chukua zilizobaki, changanya na mchanga wenye unyevu kidogo, funga kwenye mfuko, tia friji (sio friza!) kama wiki 6. Nikaziweka kule chini kwenye mboga. Kesho yake tu Mama Neema: "Baba Neema, huu mchanga kwenye friji wa nini, tumeanza kurogana?"

Kati ya 20 zikaota 11. Nikaharibu tena, maana nilizipa samadi ya kuku ya kutosha, basi zikanenepa majani, mashina yakarefuka mpaka yakalala chini kama walevi, halafu masika ilivyoingia mizizi ya miche minne ikaoza. Ekinasia haitaki kudekezwa jamani. Zile 7 nikazihamishia kwenye tuta lililoinuka, nikaongeza mchanga, samadi nikaacha kabisa.

Mwaka jana hazikutoa kitu. Mwaka huu ndo zimechanua, petali za zambarau zimeinama kama sketi, katikati kuna kichwa cha rangi ya chungwa chenye miiba, ukipitisha kiganja unasikia kama brashi ya kufulia. Hata jina limetoka kwenye neno la Kigiriki la kalunguyeye.

Jirani kauliza swali la Kitanzania: inatibu nini? Nikakosea kumwambia wenyeji wa kule walitumia mizizi kwa koo na meno, na siku hizi watu wanakunywa chai yake wakiwa na mafua. Jana kaja na kajembe achimbe mizizi. Nikamrudisha kwa mwarobaini wake.

Vichwa vikikauka sivikati, naona chiriku wameshaanza kudonoa. Kimoja nimekifunga kitambaa, hicho ni cha friji, na Mama Neema keshaambiwa mapema.