Plastiki Iliyoongeza Uzito

Tulikuwa tukipima uchakavu wa diski bandia ya uti wa mgongo, lakini mizani ilionyesha kwamba kikombe cha polithilini (aina ya plastiki) kilichosuguliwa mara 500,000 kimeongezeka miligramu 1.3 badala ya kupungua. Tukakipima tena, ikawa ileile. Jiwe la kupimia mizani nalo likasoma sawasawa, kwa hiyo lawama haikuwa ya mizani.

Ilikuwa majira ya mvua za Aprili, katika karakana ya chuo kimoja Kampala. Mashine yetu ya kusugua ilikuwa na kituo kimoja tu, cha kujifunzia: kuba ya chuma cha pua juu, kikombe cha plastiki chini. Wazo la plastiki kubebana na chuma tulilichukua kwenye diski ya Charité, diski bandia ya mgongo iliyobuniwa Berlin na Karin Büttner-Janz na Kurt Schellnack na kupandikizwa mara ya kwanza mwaka 1984. (Büttner-Janz alishinda dhahabu ya sarakasi za viungo katika Olimpiki ya Munich, 1972. Mgongo aliujua kabla ya kuwa daktari.)

Tulifuata vipimo vya kiuno vya ISO 18192-1, kiwango cha kimataifa cha kupima uchakavu wa diski bandia: kuinama mbele digrii 6 na nyuma 3, pembeni 2 kila upande, kujipinda 2 kila upande, mzigo ukipanda na kushuka kati ya nyutoni 600 na 2,000, mzunguko mmoja kwa sekunde, nyuzi joto 37. Miendo hiyo haianzi kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukisugua kwa mstari mmoja, molekuli za plastiki hujipanga upande huo na uchakavu unakuwa mdogo kwa uongo. Njia zinazokatizana ndizo zinazong'oa chembe.

Mizunguko 500,000 ni karibu siku 6. Sisi tulitumia 9, maana umeme ulikatika mara kwa mara na seramu ya ndama (majimaji ya damu) iliyozunguka kikombe, iliyozimuliwa kwa maji yasiyo na madini, ilipoa kila mara. Kwa hiyo shaka ya kwanza ilikuwa protini iliyoganda juu ya kikombe. Tukakirudisha kwenye beseni la mawimbi ya sauti, tukakisuuza, tukakitia kwenye propanoli (aina ya alkoholi), tukakikausha kwenye ombwe. Bado 1.3.

Mzee wa karakana, aliyekuwa akitutazama muda wote, akasema, "Vijana, hiyo plastiki inakunywa."

Kweli ilikuwa inakunywa. Polithilini hufyonza majimaji kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na kinachoingia huficha kinachong'oka. Tulikuwa tumeruka hatua mbili: kuloweka vipande mpaka uzito utulie, na kuweka kipande cha ulinganisho. Hicho hukaa kwenye seramu ileile, joto lilelile, na mzigo uleule unaopanda na kushuka, ila hakisogezwi. Kukiloweka bila mzigo hakutoshi, kwa kuwa mgandamizo hubadilisha kiasi kinachofyonzwa.

Tukachonga vikombe viwili vipya, tukaviloweka mpaka uzito ukaacha kuruka, tukaunda fremu ya pili ya mzigo. Safari hii kikombe cha majaribio kilipungua miligramu 0.4, cha ulinganisho kikaongezeka 1.1. Cha majaribio nacho kilikuwa kimekunywa kama hicho, kwa hiyo tukajumlisha: uchakavu ukawa 1.5.

Zile siku 9 tulizipiga mstari mmoja wa wino mwekundu daftarini, tarakimu zikabaki zinasomeka.